Shikilia, Wageni Wanatazama

Volkmar Harms alizikwa bila bendera na bila mizinga. Jeneza lilikuwa jepesi mno kwa mtu aliyekuwa mrefu vile, na kaka yake Detlef, aliyelibeba upande wa mbele, aliujua wepesi huo begani. Wakiwa bado makaburini hapo Warnemünde, pwani ya Ujerumani, mjane wa fundi mmoja aliyekufa pamoja na Volkmar alimwendea mama yao, Meta Harms, akamtemea mate kifuani.

"Mwanao mlevi ameniulia mume," alisema.

Mama Meta hakupangusa. Alitembea hadi nyumbani na mate yale yakikaukia kwenye koti jeusi. Siku iliyofuata akauzima moto wa kibanda chake cha kukaushia samaki kwa moshi, akafunga mlango kwa kufuli. Majirani walipouliza, alisema pua yake imekataa moshi.

Ndege iliyomuua Volkmar ilikuwa mpya, fahari ya kiwanda cha Dornsee. Kwa mbali ungeapa kwamba ina injini mbili. Kumbe zilikuwa nne: kila bawa lilibeba injini mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu, kama mapacha waliolazwa kitanda kimoja, na wote wawili wakizungusha pangaboi moja. Wakubwa wa Berlin walikuwa wametaka ndege ya kubeba mabomu mengi na kufika mbali, na juu ya hayo iweze kuporomoka kama mwewe juu ya shabaha yake. Wahandisi wakawapa mapacha hao. Nguvu ya farasi karibu elfu tatu kila upande, na upepo unakutana na pua moja badala ya mbili. Kwenye michoro ilipendeza sana.

Tatizo lilikuwa joto. Mabomba ya moshi ya upande wa ndani yalibanwa katikati ya mapacha, hayana pa kupumulia. Ukiziachia injini nguvu zote kwa muda, yale mabomba huwa mekundu kama makaa, na oili inayovuja kutoka juu, nayo ilivuja kila leo, hudondokea papo hapo. Ndiyo maana kila rubani wa Dornsee aliijua sheria: nguvu zote ni za kurukia tu. Ukishaiacha ardhi vizuri, punguza. Wenyewe kwa wenyewe, ndege ile waliiita Kiberiti.

Detlef naye alikuwa rubani wa majaribio kiwandani hapo, lakini siku ya ajali alikuwa kusini kabisa, Bavaria, amekwenda kuchukua ndege nyingine. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Mkuu wa majaribio ya injini, Dk. Gernot Adelung, daktari wa mitambo na si wa wagonjwa, alikuwa ameiambia tume kwamba Volkmar aliamriwa kupunguza nguvu akakataa, akitaka kujionyesha mbele ya wageni waliokuja kuitazama ndege. Na kwamba asubuhi ile alinuka pombe. Wanasema aliyasema hayo kwa huzuni kubwa, miwani mkononi.

Kilichomuuma Detlef zaidi ni kwamba aliamini nusu yake. Volkmar alipenda bia na alipenda kutazamwa. Basi majira yote ya kiangazi Detlef alitembea kichwa chini, akiwaamkia watu kwanza, akikubali kudharauliwa kwa niaba ya marehemu.

Hadi siku moja mwishoni mwa Agosti, mwaka wa tatu wa vita, ndani ya banda la ndege. Fundi wa injini Bruno Kalweit alikuwa amelala chali juu ya jukwaa, kichwa ndani ya tumbo la injini ya kushoto. Alikuwa mtu wa Prussia Mashariki, mnene, asiyeweza kufunga skrubu bila kufanya masihara.

"Kapteni, huyu pacha wa ndani anakojoa tena," alisema. "Na nepi nimembadilishia jana."

"Volkmar alikuwa akiyacheka sana masihara yako," Detlef alijibu.

Kalweit akakitoa kichwa ndani ya injini. Akashuka jukwaani taratibu, akajifuta oili usoni kwa kitambaa kichafu kuliko uso wenyewe.

"Harms, nikikuambia jambo, utanipiga?"

"Inategemea."

"Basi nipige kwanza, tumalize."

Detlef alimkazia macho. Kalweit akaanza kusema huku akikitazama kitambaa. Siku ile alikuwa ndani ya kibanda cha redio akibadilisha betri. Wageni walikuwa nje jukwaani. Ndani alikuwemo Adelung, na msichana wa redio ambaye wiki ile ile alihamishiwa Norwei.

"Volkmar alisema kushoto kunachemka, anaomba kupunguza. Sauti yake ilikuwa safi, kaka, haikuwa na tone la pombe ndani. Adelung alikishika kipaza sauti mwenyewe. Akamwambia, 'Shikilia, Harms. Wageni wanatazama.' Akaomba tena. Akaambiwa vile vile. Akaomba mara ya tatu."

"Mara ya tatu akaambiwaje?"

"Hakujibiwa. Adelung alikuwa ameshakiweka chini kipaza sauti, anachungulia dirishani."

"Na wewe ukakaa kimya miezi yote hii."

"Nina mke na binti watatu. Yule bwana alinigeukia akaniuliza, kwa upole tu, kama bado napenda kulala nyumbani kwangu. Ungekuwa mimi ungesemaje?"

Detlef hakumpiga. Alipanda jukwaani akamsaidia kufunga kile kifuniko cha injini.

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Mama Meta alikuwa ameubana mkate wa shayiri kifuani, akiukata kuelekea mwilini mwake kama walivyofanya wanawake wa pwani ile.

"Mama, hakuwa amelewa."

"Nilijua." Kisu hakikusimama. "Ni nani?"

"Adelung. Yule aliyekuja na shada la maua."

Mama Meta aliweka kipande mbele ya mwanawe, akakipaka mafuta ya nguruwe na chumvi. Akasema, "Usiniletee tena habari za tume, Detlef. Siku nyingine ukija hapa, niletee habari zake yeye."

Tangu siku hiyo Detlef alikuwa na kazi mbili: kurusha ndege, na kumtafutia Adelung kifo kinachomfaa. Alifikiria kumnyonga. Alifikiria bastola, akaona ni kumhurumia. Risasi ni ya haraka, tena haina joto. Alianza kumchangamkia. Alimfungulia milango, alimsifia hotuba zake, alimpigia saluti ya nguvu mpaka marubani wenzake wakaanza kumcheka kwamba anatafuta cheo. Adelung naye akaridhika. Mtu aliyemzulia maiti uongo hupenda sana kuona ndugu wa maiti anatabasamu.

Oktoba ikaja taarifa kwamba Jenerali von Siedow wa Wizara ya Anga anakuja na ujumbe wake. Adelung alikuwa amewaahidi Berlin kwamba tatizo limekwisha: mabomba yamebadilishwa, oili haivuji, na sasa Kiberiti (yeye hakuiita hivyo) itapanda kwa nguvu zote hadi mita elfu nne bila kupumzika. Alitaka wakubwa waisikie kwa masikio yao, kwa hiyo aliagiza spika zifungwe juu ya nguzo uwanjani, zitoe sauti ya redio moja kwa moja kutoka angani.

Mkesha wa ziara alimwita Detlef ofisini.

"Harms, mimi na wewe ni watu wazima," alisema. "Ukifika kwenye mawingu, punguza. Hakuna jicho litakaloona. Ukitokeza juu, ongeza tena."

"Vyovyote utakavyo, Daktari."

"Mdogo wako hakuwa msikivu hivi."

"Ndiyo, Daktari. Alikuwa na kichwa kigumu."

Kesho yake upepo wa Baltiki ulikuwa mkali, na wageni walijikunja ndani ya makoti yao marefu. Jenerali von Siedow, mzee mwenye pua nyekundu aliyependa kuzungumza na marubani, alikuja hadi chini ya bawa.

"Kapteni, unaiamini mashine hii?"

"Mheshimiwa Jenerali, mimi ni nani? Anayeiamini kuliko sisi sote ni Dk. Adelung." Detlef alipaza sauti kidogo ili wote wasikie. "Jana ameniambia roho yake inamtuma apande leo mwenyewe, ila anaona haya kuomba."

Wageni wakaangua kicheko. Jenerali akampiga Adelung mgongoni kwa nguvu mpaka miwani ikateleza.

"Haya ya nini, Daktari! Si bibi harusi wewe. Mpeni mwavuli wa angani!"

Adelung aliirudisha miwani puani. Kulikuwa na wapiga picha. Alivishwa mikanda ya mwavuli akiwa anatabasamu, na rangi ya uso wake ilikuwa kama ya maziwa yaliyochujwa.

Kalweit, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya rubani na kuzichunga mita za injini, alimvuta Detlef kando.

"Unataka kufanya nini, kaka?"

"Baki chini, Bruno. Sema tumbo limekushika."

"Na injini nani azitazame? Wewe, na macho hayo?" Kalweit alitema mate majanini. "Sikukuambia yale ili uende ukajichome. Sogea nipande."

Detlef angeweza kumkatalia. Neno moja kwa msimamizi wa uwanja lingetosha. Hakulisema, kwa sababu ndege isingeruhusiwa kuondoka bila fundi, na Adelung alikuwa ameshaketi.

Waliruka. Kiberiti ilikimbia kwa uzito wake wote, ikainuka, na nguvu za injini nne zikawabandika vitini. Detlef na Adelung walikaa bega kwa bega ndani ya pua ya vioo. Kalweit nyuma yao, amezungukwa na mita. Swichi ya redio ilikuwa chini ya kidole gumba cha Detlef. Ikiwa juu, uwanja mzima ulisikia. Ikiwa chini, walisikilizana wao watatu tu.

"Tunapanda vizuri, nguvu zote," alitangaza Detlef, na alijua kwamba huko chini sauti yake inanguruma juu ya kofia za wakubwa.

Waliingia mawinguni. Vioo vikawa vyeupe. Adelung akamgusa mkono, akaashiria kwa kiganja: punguza. Detlef aliishusha swichi, lakini nyenzo za kupunguzia nguvu hakuzigusa.

"Harms. Mawingu ndiyo haya."

"Nayaona."

"Tulikubaliana."

"Kushoto joto limepita mstari," alisema Kalweit kutoka nyuma. "Kapteni, limepita."

Detlef alimgeukia Adelung, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti aliuacha uso wake ukae jinsi moyo ulivyokuwa. Adelung aliuona. Akarudi nyuma mpaka kichwa kikagonga kioo.

"Mdogo wangu aliomba mara ngapi?" aliuliza Detlef.

"Sijui unazungumzia—"

"Bruno, soma mita."

"Inazidi kupanda. Oili nayo imeanza kushuka."

"Mara ngapi, Daktari?"

"Umerukwa na akili! Utatuua sote! Huyu fundi ana watoto!"

"Mimi msinitie kwenye ugomvi wenu," Kalweit alifoka. "Mjibu tu mtu, tushuke!"

Wakatokeza juu ya mawingu, kwenye jua kali. Detlef alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nitapandisha swichi. Utawaambia wale walio chini ulichomwambia Volkmar, na ulichowaambia tume. Ukichomeka neno lingine lolote, nitaizima na tutaendelea kupanda. Injini hizi umezijaribu wewe, unajua kuliko mimi tumebakiwa na muda gani."

Adelung alitazama nje kushoto. Kutoka pembeni ya kifuniko cha injini, utepe mwembamba wa moshi ulikuwa umeanza kunyooka nyuma ya bawa. Akaitikia kwa kichwa. Swichi ikapanda.

Wale waliokuwa uwanjani walisimulia baadaye jinsi sauti ilivyotoka kwenye spika: kavu, ya haraka, ya mtu anayesoma. Rubani Volkmar Harms hakuwa amelewa. Aliomba mara tatu kupunguza nguvu kwa sababu ya joto. Yeye, Gernot Adelung, alimkataza kwa ajili ya wageni. Aliyoiambia tume ni uongo. Jenerali von Siedow alibaki na kikombe cha kahawa kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

Detlef aliizima swichi.

"Haya, yamekwisha," alisema Kalweit, akihema. "Amesema, wamesikia wote. Punguza, kaka. Bado injini inaokoleka, punguza."

Na kweli ingeokoleka. Hapo ndipo Detlef angekuwa mshindi mbele ya kila mtu, angetua kwa injini mbili na kushuka akitembea. Lakini alikuwa ameingoja saa hii siku nyingi mno, na ilikuwa imepita kama lishe ya mgonjwa, laini, bila ladha. Adelung alikuwa ameanza kupumua tena. Alikuwa anarekebisha miwani yake. Detlef aliiona ile miwani ikirudi mahali pake, na chuki yote ikamrudia upya.

"Niombe," alisema.

"Nini?"

"Omba kupunguza. Yeye aliomba."

"Naomba upunguze nguvu, Harms."

"Shikilia, Daktari. Wageni wanatazama."

"Harms, kwa ajili ya Mungu!" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, miwani imeingia ukungu. "Nakuomba! Nakuomba, nitafanya lolote!"

"Shikilia."

"Detlef!" Kalweit alikuwa amefungua mkanda. Aliupitisha mkono wake mnene kati yao, akashika zile nyenzo na kuzirudisha nyuma kwa uzito wote wa mwili wake. Ngurumo ikashuka. Wakati huo huo injini ya kushoto ikakohoa, na kifuniko chake kikapasuka. Moto uliotoka ulikuwa mrefu, wa rangi ya chungwa, ukilamba bawa kutoka mbele hadi nyuma.

Wenzo wa kufungia mafuta ya kushoto ulikwama. Kalweit aliuvuta, akauvuta tena.

"Kuna koki ya mafuta ya kufunga kwa mkono, nyuma ya mhimili wa bawa," alisema. "Naingia." Akamtazama Detlef. Hakukuwa na masihara usoni pake. "Nikirudi nitakupiga mimi."

Akatambaa kuingia kwenye tumbo la ndege. Walimsikia akigonga vyuma. Moto wa bawani ulipungua kidogo, kama unaofikiria kuzimika. Kisha kukasikika mshindo mzito kutoka ndani, tangi lilikuwa limepasuka, na mlango aliopitia Kalweit ukajaa moto toka sakafuni hadi darini.

Detlef alimwita. Alimwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka, akajaribu kuingia, nyusi na glovu zikaungua, akarudi nyuma. Ndege ilikuwa inainamia kushoto. Adelung alikuwa amekaa palepale, mkanda wa mwavuli wake haujafungwa kifuani, vidole vinashindwa kabisa kukipata kile kishikizo cha chuma.

Ingetosha kumwacha. Detlef aliifungua sehemu ya kutokea, upepo ukavuma ndani. Kisha akageuka, akaufunga ule mkanda kwa kishindo.

"Ukifa leo umeniponyoka," alimwambia, akamsukuma nje, naye akaruka nyuma yake.

Kiberiti ilianguka kwenye mabwawa ya matope karibu na Ribnitz. Mwili wa Bruno Kalweit hawakuupata wote.

Tume ilikaa upya, wanaume watano nyuma ya meza ndefu. Adelung, mkono umefungwa bendeji, alieleza kila kitu kama kilivyotokea: aliyeshikilia nguvu ni rubani, aliyemlazimisha kusema ni rubani, aliyemuua fundi ni rubani. Alisema kweli tupu. Wajumbe walimsikiliza wakitazama kucha zao. Mtu aliyekwisha kukiri kwa kinywa chake, mbele ya jenerali, kwamba alimzulia marehemu, sasa nani angemwamini akimshtaki ndugu wa marehemu?

"Kapteni Harms," mwenyekiti alisema. "Ni nani aliyeagiza nguvu zisipunguzwe?"

Detlef alikuwa na nyusi zilizoungua na alikuwa hajalala. Alimtazama Adelung.

"Dk. Adelung," alijibu. "Aliniambia, 'Shikilia, Harms. Wageni wanatazama.'"

"Kisha?"

"Kisha nadhani dhamiri ikamsuta, ndipo akasema yale mliyoyasikia. Lakini tulikuwa tumeshachelewa."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa masikitiko. Shauri lilichukua muda mfupi kuliko chakula cha mchana. Kuhusu injini, Jenerali von Siedow alisema kasi ya kupanda ilikuwa nzuri kwa kweli, na akaagiza zitengenezwe nyingine, ila marubani wakumbushwe sheria. Kuhusu Adelung, alivuliwa wadhifa na kupelekwa mstari wa mbele huko mashariki, askari wa kawaida katika kikosi cha adhabu, kazi yake kutegua mabomu ya ardhini.

Walikutana kwenye korido, Adelung akiwa kati ya walinzi wawili. Hakuwa na hasira. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkaribisha mwenzake nyumbani:

"Umeona ilivyo rahisi?"

Walinzi wakamsukuma aendelee.

Volkmar alifanyiwa heshima zake Novemba. Kulikuwa na bendera, bendi, na mizinga iliyowarusha kunguru kwenye miti. Yule mjane aliyetema mate alikuja akilia, akapiga goti kumbusu mama Meta mkono. Mama Meta aliuacha ubusiwe. Baadaye, wakitembea kurudi, alimuuliza mwanawe:

"Huko alikopelekwa, wanarudi?"

"Wachache sana, mama."

"Vizuri." Akapiga hatua kadhaa. "Alilia?"

"Alilia."

"Nisimulie."

Detlef akamsimulia kuanzia mawinguni, na mama yake akasikiliza huku midomo ikienda kidogo, kama mtu anayekula. Alipofika kwa Kalweit, sehemu hiyo aliiruka. Mama Meta hakuuliza.

Wiki ile ile Erdmute Kalweit alikuja Dornsee kuchukua vitu vya mumewe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mashavu mekundu kwa baridi, na binti zake watatu walishikana mikono nyuma yake, mkubwa hadi mdogo. Alimkuta Detlef kwenye ngazi za bweni la marubani, akamletea keki ya mbegu za mpopi aliyoioka kwa sukari ya mgao wa familia nzima.

"Chukua, shemeji," alisema. "Bruno alikuwa akikutaja kila siku. Nimeambiwa uliungua nyusi ukitaka kumtoa. Na nimeambiwa wewe ndiye uliyemfikisha yule nyoka pabaya. Mungu akupe maisha."

Detlef aliipokea. Ilikuwa bado ina joto chini ya kitambaa. Binti mdogo alimtazama nyusi, akacheka, dada yake akamfinya.

"Alisema nini mwishoni?" Erdmute aliuliza.

"Alisema akirudi atanipiga."

Erdmute alitabasamu, machozi yakimlenga. "Huyo ni yeye kabisa. Akupige kwa nini?"

Jibu la kumdanganya lilikuwepo tayari, tena zuri. Detlef alilisikia likipanda kooni. Aliitazama keki. Akamwambia Erdmute awapeleke watoto kwenye benchi la mbali, na aliporudi akamwambia yote, amesimama wima kama aliye mbele ya mkubwa wake: kwamba Adelung alikuwa amekwisha kukiri, kwamba injini ilikuwa bado inaokoleka, kwamba Bruno alimwomba apunguze, na kwamba alishikilia kwa sababu alitaka kumwona mtu akilia. Na kwamba mbele ya tume aliapa kinyume chake.

Erdmute hakupiga kelele. Alimwacha hapo hapo, akavuka uwanja moja kwa moja hadi ofisi ya kamanda, na Detlef akangoja ngazini. Hakukaa muda mrefu. Alipotoka, mashavu yake hayakuwa mekundu tena.

"Amesema shauri limefungwa," alisema. "Amesema huzuni inawafanya wajane wasikie mambo. Ameniuliza kama binti zangu wanapenda kulala nyumbani kwao."

"Nitakwenda niseme mwenyewe."

"Usiende. Watakupeleka mashariki, ufie huko, nami nisijue hata ni lini." Alimnyang'anya keki yake, akaifunga kitambaa vizuri, mafundo mawili. "Leo siwezi kukufanya lolote, Harms. Lakini vita vitaisha, na binti zangu watakua. Ukinusurika, utakuwa unakaa wapi?"

Detlef alimtazama machoni. Hayakuwa macho ya mtu anayetania. Aliyajua macho yale, aliyaona kwenye kioo chake majira yote ya vuli. Akavua kofia. Akamwambia ni Warnemünde, akamtajia mtaa, na namba ya nyumba, na kwamba mlango umepakwa rangi ya kijani.

Erdmute alirudia namba ile kwa sauti ili asiikosee, kisha akaenda kuwachukua watoto wake kwenye benchi.